Ukurasa wa Jamaa: Masomo ya Mezani



Mwezi uliopita, nyuma ya ibada, mama mmoja wa kampo alinisimamisha mlangoni pa kanisa. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni, mwingine alimshika kwa mkono. Akaniuliza: "Pasta, masomo iko mbali na kwetu, na huyu mudogo hawezi kutembea ile njia. Naweza kumufundisha mu nyumba? Lakini miye nilisoma paka mpaka kalasi ya ine." Watu wengine walikuwa wanangoja kunisalimia, kwa hiyo nilimjibu upesi: "Ndiyo, mama, jaribu tu, Mungu atakusaidia."

Nilipofika nyumbani niliona haya. Jibu langu halikuwa baya, lakini lilikuwa jibu la haraka, na haraka ya namna ile ilipata kuharibu kitu katika nyumba yangu mwenyewe. Basi ukurasa wa mwezi huu ni jibu langu la kweli kwa mama yule, na kwa jamaa zote za Kolwezi, Fungurume, Kambove, Likasi na Kipushi zenye kujiuliza kama nyumba inaweza kuwa masomo.

Wakati milango ilifungwa

Mnakumbuka mwaka 2020. Katika mwezi wa tatu, juu ya ugonjwa wa korona, Serikali ilifunga masomo yote ya inchi, na makanisa vilevile. Kanisa likifungwa, sadaka nayo inafungwa. Wachungaji wenzangu wanajua ninalosema.

Katika nyumba yetu tulikuwa na watoto watatu. Mkubwa, kijana mwenye miaka 13, alikuwa katika kalasi ya saba. Wa katikati, binti, alikuwa katika kalasi ya sita, akingoja egzame ya mwisho ya masomo ya msingi. Mdogo alikuwa na miaka 6 na hakujua hata herufi moja.

Juma la kwanza watoto walifurahi. Juma la pili walianza kugombana. Juma la tatu bibi yangu aliniambia: "Papa, batoto banapotea na siye tunaangalia. Tuanze masomo hapa hapa." Nikakubali. Tulisaga makala, tukachanganya na maji, tukapaka mlango wa jiko mpaka ukawa tablo nyeusi. Chaki hatukuwa nayo, lakini muhogo mkavu uliandika vizuri. Katika kaye za mwaka uliopita tulitafuta kurasa zilizobaki nyeupe.

Kisha tulipanga saa. Saa mbili ya asubuhi, maombi na wimbo mmoja. Nyuma yake kusoma na kuandika mpaka saa ine. Kisha kazi za nyumba: kuchota maji, kufagia, kuchambua sombe. Kuanzia saa nane, hesabu na Kifaransa. Mama alipewa asubuhi, mimi nilipewa saa nane, kwa sababu nilisoma zaidi yake. Ndivyo nilivyojisemea.

Siku tano za kwanza nilifundisha vizuri sana. Kisha kazi ya Mungu ikaniita: mgonjwa hapa, matanga pale, bwana na bibi wenye kugombana kule. Zile zilikuwa kazi za kweli. Lakini nitasema yote. Siku nyingine nilikaa tu chini ya muembe na wazee, tukizungumuza habari za korona mpaka jua likashuka. Kila siku nilimwambia kijana: "Fanya hesabu hizi, nitakuja kuzisahihisha." Hesabu zilikaa siku tatu, siku ine, pasipo mtu kuzitazama. Wazazi, mtoto si mjinga. Akiona kazi yake haitazamwi, anaelewa kwamba haina maana.

Mstari katika Biblia

Biblia yetu ya nyumba ina kurasa mbili nyeupe mwanzoni. Bibi yangu anaandika pale tarehe za jamaa: ndoa yetu, kuzaliwa kwa watoto, siku tuliyomzika mama yake. Jioni moja ya mwezi wa saba nilifungua Biblia ile kutafuta neno la kuhubiri, nikaona mstari mpya: "Tarehe 6, mwezi wa 7, 2020. Mdogo amesoma mstari muzima peke yake."

Nikamwuliza: "Mama, mbona hukuniambia?" Akajibu pasipo hasira: "Nilikuambia. Ulisema 'vizuri', njo ukatoka."

Nimebatiza watoto wa watu, nimewapa mkono walipopata diplome, nimekula wali kwa sikukuu zao. Na mtoto wangu aliposoma kwa mara ya kwanza, nilisema "vizuri" nikatoka.

Bukari ya mtoni

Juma lile lile nilirudi nyumbani usiku. Mezani kulikuwa bukari ya moto na samaki wadogo. Siku mbili unga ulikuwa umekwisha, lakini sikuuliza umetoka wapi. Nilinawa, nikaomba, nikala. Nilipomaliza bibi yangu akasema: "Bukari uliyokula imetoka ku mto."

Kijana wetu alikuwa ameacha meza ya masomo siku tatu, akienda na wenzake kusukula mawe ya madini. Alirudi na matope mpaka magotini, akaweka franka 4 000 mbele ya mama yake, akaingia kulala. Mama alizishika feza zile saa nzima. Kisha akaenda kununua meka ya unga, kwa sababu wadogo walikuwa wanalia njaa.

Msimhukumu bibi yangu. Na sisi wahubiri tusifanye mambo kuwa mepesi. Tunajua kwamba sheria ya kulinda mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za namna ile. Tunajua kwamba mashimo yanaporomoka, na kwamba vumbi na maji ya madini yanadhuru mwili. Lakini kumwambia mtoto "toka mtoni" wakati sufuria ni tupu, ni kusema nusu ya neno.

Asubuhi nilitembea na kijana mpaka mtoni. Niliona watoto wadogo kuliko wangu, maji yakiwafikia kiunoni. Katika njia ya kurudi nilimwuliza sababu. Alinyamaza mbali sana, kisha akasema: "Papa, hesabu yangu hamuna mutu anaiangalia. Ku mto banapima, banahesabu, banalipa pale pale."

Sikuwa na jibu. Nilifundishwa katika chuo cha Biblia namna ya kujibu maulizo mengi, lakini lile halikuwa katika kitabu.

Jioni ile mbele ya jamaa yote niliomba radhi. Kisha nilisema mambo mawili. La kwanza: unga ni kazi yangu, si ya mtoto. Kesho yake nilianza kupiga matofali na wanaume wawili wa kanisa, kila asubuhi mpaka saa sita, na tukayauza. Wengine walisema pasta ameanguka. Basi nilianguka katika udongo, na nyumba ikala. La pili: kuanzia saa nane niko mezani, na hakuna hesabu italala pasipo kusahihishwa. Nilikosa siku mbili katika mwezi wa kwanza. Siku zile mbili kijana mwenyewe alikuja kunitafuta.

Mama mmoja wa Epworth

Jamaa zetu za Metodisti, ambao ni wengi katika Katanga, wanajua jina la John Wesley. Lakini si wengi wanajua kwamba masomo yake ya kwanza yalikuwa meza ya mama yake, Susanna, katika mji mdogo wa Epworth, Uingereza. Mama yule alizaa watoto 19, na 10 tu ndio walikua. Bwana yake alikuwa mchungaji mwenye madeni. Mwaka 1705 alifungwa katika jela ya Lincoln juu ya deni. Kwa hiyo tusiseme kwamba kufundisha nyumbani ni jambo la watajiri.

Susanna alianza kumfundisha mtoto alipotimiza miaka mitano. Siku ya kwanza ilikuwa ya herufi tu, na wengi wa watoto wake walizijua zote kwa siku ile moja. Kisha alifungua kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, na mtoto akaanza kusoma palepale. Saa za masomo zilikuwa tangu saa tatu mpaka saa sita, na tangu saa nane mpaka saa kumi na moja. Tena alikuwa na sheria hii: binti asipewe kazi ya mikono mbele hajajua kusoma vizuri. Wababa wa mabinti, mnasikia?

Katika mwezi wa pili wa mwaka 1709 nyumba yao iliungua usiku. John, aliyekuwa na miaka mitano, alitolewa kwa dirisha. Watoto walitawanywa katika nyumba za watu, wakajifunza maneno mabaya na desturi mbaya. Nyumba ilipojengwa tena, mama yao alikusanya watoto akaanza upya, na zaburi asubuhi na jioni. Neno hili lilinitia nguvu sana: masomo ya nyumba yakivunjika, yanaweza kuanza tena.

Tena mama yule alimpa kila mtoto jioni yake katika juma, wao wawili tu, kuzungumuza mambo ya moyo. Jioni ya John ilikuwa siku ya ine. Miaka mingi nyuma, John akiwa mtu mzima na mwalimu katika chuo kikubwa cha Oxford, alimwandikia mama yake akiomba ampe tena sehemu kidogo ya siku ya ine. Mtu wa elimu namna ile hakusahau saa ya mama.

Kwetu tulifuata desturi ile. Siku ya pili ni ya mdogo, siku ya ine ni ya binti, siku ya posho ni ya kijana. Saa moja tu. Hakuna simu, hakuna mgeni. Watu wa kanisa walizoea.

Je, inaruhusiwa? Inawezekana?

Mama wa kampo, nakujibu sasa bila haraka.

Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inapatia wazazi haki ya kuchagua namna ya malezi ya watoto wao. Kifungu kile kile kinasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika masomo ya Serikali. Basi usitumie nyumba kwa kumnyima mtoto masomo. Tumia nyumba kumtayarisha, kumsaidia, na kumshika wakati masomo yamefungwa, au ni mbali, au kalasi imejaa mno. Na kijana mkubwa aliyeacha masomo zamani asikate tamaa: hata mtu aliyejifunza peke yake anaweza kujiandikisha kwa egzame ya Leta. Aende kuuliza mapema katika ofisi ya masomo ya upande wake.

Masomo yalipofunguliwa tena, tarehe 10 mwezi wa nane 2020, kwa kalasi za mwisho, binti yetu alirudi na akafanya egzame yake. Kijana alirudi katika mwezi wa kumi. Mdogo tulimwacha nyumbani mwaka mmoja zaidi, kwa sababu kalasi ya kwanza ya karibu nasi ilijaa watoto mpaka wengine walikaa chini. Nyuma yake mwalimu alimpima, akamwingiza katika kalasi ya pili.

Unasema ulifika kalasi ya ine tu. Unajua kusoma Biblia ya Kiswahili? Basi una vya kutosha kwa kuanza. Fanya hivi:

1. Anza na Kiswahili, kwa sababu kinasomwa namna kinavyoandikwa. Ba, be, bi, bo, bu; kisha baba, bibi, bubu. Mtoto aliyejua kusoma lugha ya nyumba atahamisha ujuzi ule katika Kifaransa.

2. Chagua saa moja na usiibadilishe. Saa moja kila siku ni bora kuliko saa sita siku ya kwanza na hakuna kitu mpaka mwisho wa juma.

3. Fundisha hesabu kwa vitu vya nyumba. Meka moja ya unga inajaza vikombe vingapi? Nikiuza makala kwa bei hii na nilinunua kwa bei ile, nimepata nini?

4. Mbele ya kulala, tazama kazi ya mtoto. Hata kama hujui jibu, mwambie akueleze. Anayeeleza anajifunza mara mbili.

5. Usifanye peke yako. Jamaa tatu au ine za jirani ziungane: mama mmoja afundishe, wengine wauze sokoni na kumletea unga wake. Na mashemasi wa kanisa waangalie nyumba zenye watoto mtoni. Wasiende na neno tu, waende na meka.

6. Baba asimwachie mama kila kitu. Musa anapowaagiza watu kufundisha watoto, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, anataja kukaa nyumbani, kutembea njiani, kulala na kuamka. Hataji chini ya muembe na wazee.

Hatua za mtoto ziandikwe

Na tena jambo moja. Tunajua kusherehekea ndoa na diplome. Lakini katika nyumba yenye masomo kuna hatua ndogo, na mtoto anazikumbuka kuliko sisi. Siku ya kusoma mstari wa kwanza. Siku ya kuandika barua kwa koko yake. Siku ya kumaliza kuzidisha kwa 9. Siku ya kusoma Neno mbele ya kanisa, miguu ikitetemeka. Hazihitaji ngombe wala maziki. Kwetu mama anapika yai moja, na mwenye hatua anakula yai lile mbele ya wote. Kisha tunaandika tarehe.

Timoteo alijua Maandiko tangu utoto wake, na Paulo anawataja koko yake Loisi na mama yake Eunike. Majina yale mawili yanasomwa mpaka leo kwa sababu mtu alikumbuka kuyaandika.

Mwaka 2025 kijana wetu alifanya egzame ya Leta, akapata asilimia 57. Si nyingi, lakini ni zake. Jioni ile tulifungua Biblia kuandika. Alisoma mistari yote tangu juu, kisha akauliza: "Papa, na ile siku ya matope, mbona haijaandikwa?" Nikamwambia ile si siku ya kufurahia. Akasema: "Lakini njo siku ulianza kuangalia hesabu yangu."

Nikampa biki. Akaandika yeye mwenyewe, kati ya mstari wa mdogo na mstari wa ubatizo wa dada yake. Yai alimpa mama yake.

Maulizo ya kuzungumuza katika jamaa

1. Katika nyumba yetu, ni nani anatazama kazi ya watoto, na ni saa gani?
2. Ni hatua gani ya mtoto wetu ilipita mwaka huu na hatukuiandika?
3. Kijana unayesoma: ni kitu gani kinakuvuta mtoni? Umemwambia baba yako, au umemwogopa?
4. Jirani zetu wenye watoto mtoni, tunawapelekea nini juma hili?

Musome pamoja: Kumbukumbu la Torati 6:4-9, Zaburi 78:1-7, 2 Timoteo 1:5 na 3:14-15.

Mungu abariki meza zenu, na unga ulio juu yake, na kaye zilizo pembeni yake. Tutaonana mwezi ujao, Bwana akipenda.

Mchungaji wenu